Baiskeli ya Nyumba na Baiskeli ya Kiwanja

Katika Ifakara mtu haulizwi kama ana baiskeli. Huulizwa ameiacha wapi. Mji umekaa juu ya uwanda wa mto Kilombero, nchi tambarare mithili ya mkeka uliotandikwa, na milima ya Udzungwa imesimama kando bila ya kumsumbua mpita njia. Nchi ya namna hii ni kama iliyokuwa ikiingoja baiskeli kabla baiskeli haijabuniwa. Alfajiri huwaona wauguzi, wanafunzi, wauza samaki na wakulima waendao mashambani, wote juu ya magurudumu mawili. Na wanawake wa mji huo hupanda baiskeli pasipo kustaajabiwa na mtu, jambo ambalo katika miji mingi ya nchi yetu lingali likigeuza shingo. Mimi nimezaliwa huko, na ingawa kazi ya kufundisha lugha imenipeleka mbali, hukumu yangu juu ya baiskeli imebaki kuwa ya mtu wa Ifakara. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue nasimama upande gani, asije akanilaumu baadaye kwamba nilijificha.

Nimekutana na vijana kadha wasomi, mmoja wao akiwa mpwa wangu mwenyewe, waliopendezwa kupita kiasi na baiskeli zilizoundwa kwa mashindano ya kiwanjani, na ambao hudai kwamba hapana chombo kifaacho zaidi kwa safari za kila siku za mjini. Wamenieleza kwa ufasaha, nami nimewasikiliza kwa subira. Subira hiyo imekwisha, na makala haya ni jawabu langu.

Kwanza yafaa tujue tunalozungumza. Baiskeli ya kiwanja ni chombo cha kazi moja. Kiwanja chake ni njia ya duara, aghalabu ya mbao, ambayo katika mashindano ya Olimpiki mzunguko wake ni meta 250, na kwenye kona mbao hizo huinuliwa hata mwinamo wake ukafikia nyuzi 42 hivi. Humo hamna mbuzi, hamna mtoto, hamna shimo, wala hamna ajaye kukukabili, maana wote huzunguka upande mmoja. Kwa hiyo waundaji wameondoa kila kisichohitajiwa: breki hapana, madigadi hapana, keria hapana, kengele hapana, na gia ni moja tu. Tena wameondoa friwili, yaani kile kidude cha gurudumu la nyuma chenye sauti ya tikitiki, ambacho huliacha gurudumu liende huku miguu ya mpandaji imetulia. Katika baiskeli ya kiwanja gurudumu na pedeli vimefungwa nira moja: gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka, utake usitake. Apunguzaye mwendo hupunguza kwa kukaza miguu yake kinyume cha pedeli. Ndani ya kiwanja chake chombo hiki ni kizuri mno, nami sina ugomvi nacho. Wembe wa kinyozi nao ni mzuri, lakini hauchongi mwiko.

Sitaki kuwadhulumu wapinzani wangu, basi nitazisema hoja zao kama wazisemavyo wenyewe. Husema kwamba baiskeli hiyo ni nyepesi: kilo 7 au 8, hali Phoenix ya Kichina hukaribia kilo 20. Husema kwamba ni rahisi, kwa kuwa kisicho na sehemu nyingi hakina cha kuharibika. Na husema, hapo macho yao yakimeta, kwamba mpandaji na chombo chake huwa mwili mmoja, wala hapana starehe kama hiyo juu ya ardhi. Hoja hizi si za kipuuzi. Wapeleka barua wa mji wa New York walizipanda baiskeli za namna hiyo katika msongamano wa magari, na walikuwa watu wa kazi, si watu wa mchezo. Lakini mpeleka barua wa New York hubeba bahasha begani, hupita juu ya lami, na jioni hurudi peke yake. Mtu wa namna hiyo sijamwona Kibaoni wala Lipangalala.

Tuutazame urahisi. Ni kweli kwamba nchi tambarare haitaki gia nyingi. Ni nani, basi, aliyewaambia kwamba fadhila hiyo ni ya baiskeli ya kiwanja peke yake? Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana huko India, na kabla yao Raleigh ya Nottingham, baiskeli hizi nzito tulizozizoea ni za gia moja. Babu zetu waliipata fadhila hiyo bila ya kuifanyia falsafa. Tena gia moja si sawa na gia moja nyingine. Baiskeli ya kiwanja huweza kuwa na meno 48 mbele na 15 nyuma, mathalan. Mzunguko mmoja wa pedeli huipeleka mbele karibu meta 6.7. Baiskeli nzito yenye meno 44 mbele na 20 nyuma huenda meta 4.9 hivi. Hesabu ya kwanza ni ya mtu aliyekwisha kushika kasi na asiyetazamia kusimama. Ya pili ni ya mtu aanzaye kutoka kusimama, mchangani, na gunia nyuma yake. Kijana anayezilinganisha hizi mbili kwa kuwa zote zina gia moja ni sawa na anayelinganisha mtumbwi na jahazi kwa kuwa vyote huelea.

Na juu ya kuharibika: chenye sehemu chache huharibika kwa nadra, nakubali, lakini siku kikiharibika, sehemu yake itoke wapi? Tairi la inchi 28 kwa moja na nusu hupatikana hata katika duka la kijijini linalouza chumvi na viberiti. Tairi la upana wa milimita 23 utalitafuta Ifakara nzima, nawe utarudi na viatu vilivyochakaa. Fundi aliye chini ya mwembe anazo spoku, gololi, solusheni na vipande vya mpira wa ndani wa kuzibia. Anayajua maradhi ya Phoenix kama mkunga ayajuavyo matumbo ya kijijini kwake. Urahisi wa chombo haukai ndani ya chombo peke yake. Hukaa pia mikononi mwa fundi aliye karibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona wapinzani wangu wakilitaja, nami naliona kuwa na uzito kupita yote. Wao hudhani kwamba baiskeli ni kitu cha kupandwa. Katika bonde la Kilombero baiskeli, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ni kitu cha kusukumwa. Wakati wa mavuno ya mpunga mtu hutoka shambani na gunia, pengine mawili, ameyafunga kwa vipande vya mpira. Hapandi, bali hutembea ubavuni, mkono mmoja katika usukani na mmoja juu ya mzigo. Hivyo ndivyo yaendavyo maji katika madumu ya lita 20, na mkaa, na kuni, na matofali, na mikungu ya ndizi. Tangu daraja la Kilombero lenye meta 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, wale wa ng'ambo ya Minepa na Lupiro huyavukisha mazao yao bila ya kungoja kivuko, na kivuko hicho kilikwisha kupinduka na watu mwezi wa Januari 2016. Wengi miongoni mwa wavukao daraja hilo na mizigo wako kwa miguu, baiskeli ubavuni.

Basi msomaji aichukue baiskeli isiyo friwili, aifunge gunia kama atapata pa kulifunga, kisha aisukume. Pedeli zitazunguka kwa kila hatua, na iliyo upande wake itampiga muundi kila mzunguko mara moja. Kwa hesabu niliyoitoa, ni pigo moja kwa kila meta 6.7. Kutoka shamba lililo mbali kilometa 8, mtu huyo atakuwa amepigwa mara 1,190 na zaidi kabla hajaiona paa ya nyumba yake. Huo mwili mmoja wanaousifu utakuwa umepata mguu mmoja wenye donda.

Tena atazame jinsi watu wetu wapandavyo. Mtu huweka mguu wa kushoto juu ya pedeli, husukuma ardhi kwa mguu wa kulia hatua mbili tatu, na chombo kikishashika mwendo ndipo huurusha mguu na kuketi. Upandaji huo wataka pedeli itulie. Katika baiskeli ya kiwanja pedeli huondoka chini ya unyayo, na mpandaji huondoka nayo.

Na mtoto je? Mtoto wa miaka tisa ambaye hafiki tandikoni huupitisha mguu wake chini ya bomba la juu, huipinda baiskeli upande mmoja na kiwiliwili chake upande wa pili, kisha hupiga pedeli nusu nusu: chini, airudishe juu, chini tena. Zile nusu huwezekana kwa ajili ya friwili tu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi kwa baiskeli ya marehemu baba, nikiwa nimetumwa unga, na goti langu la kushoto lingali na ushahidi. Ukiiondoa friwili umemwondoa mtoto huyo katika chombo cha nyumbani kwao, na unga utafuatwa kwa miguu.

Juu ya breki nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo la aibu kulijadili. Chombo kinapozuiwa ghafula uzito hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi na huteleza. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha ni ya breki ya mbele. Asiye nayo hutegemea gurudumu lile lile ambalo limekwisha kupoteza nguvu ya kushika ardhi, na ardhi yenyewe, wakati wa masika, ni utelezi. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 huhesabu gurudumu lisilo friwili kuwa breki moja, kisha hudai ya pili iwe mbele. Wajapani, ambao tangu mwaka 1948 huko Kokura wana mashindano ya keirin ya baiskeli zisizo na breki, na ambao hapana awezaye kuwashuku kwamba hawazijui, sheria yao huamuru breki mbele na nyuma kwa baiskeli iendayo barabarani. Mwezi wa Februari 2016, mjini London, kijana wa miaka 18 aliyepanda baiskeli ya kiwanja isiyo na breki ya mbele alimgonga mama aliyekuwa akivuka barabara, na baada ya siku chache mama yule akafariki. Mwaka 2017 mahakama haikumwona na hatia ya kuua pasipo kukusudia, lakini ilimtia hatiani kwa sheria ya mwaka 1861, iliyotungwa zama za magari ya farasi, akafungwa miezi 18. Ikiwa hayo yalitukia penye lami na taa, Ifakara siku ya gulio ingekuwaje?

Lakini hata mtu akitoboa uma wa mbele na kutia breki, ugomvi wangu naye haukwisha, kwa maana bado sijasema habari ya keria.

Sisi wafundishaji wa lugha twapenda kuchimbua maneno. Neno bodaboda, ambalo leo kila mtu hudhani ni la pikipiki, lilizaliwa na baiskeli: katika miaka ya 1960, huko Busia penye mpaka wa Kenya na Uganda, watu walichukuliwa juu ya keria zenye mto wa kukalia, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Mashariki ya Kongo, katika mji wa Goma, watu wamechonga chukudu kwa mbao, chombo cha magurudumu mawili kisicho pedeli wala mnyororo, kwa ajili ya mizigo tu; na mji umemjengea mwendesha chukudu sanamu. Katika nchi zetu chombo huanzia kwenye mzigo, ndipo kimtafutie mpandaji nafasi. Baiskeli ya kiwanja imeanzia kwa mpandaji, ikaishia kwake. Tazama fremu yake: hata tundu za kukazia keria hazimo. Muundaji hakusahau, alijua hapatakuwa na mtu wa pili.

Mpwa wangu aliuza Phoenix ya baba yake. Baba yake alikwisha kufa, na baiskeli ilikuwa imekaa ukumbini kwa dada yangu ikitumiwa na kila mwenye haja, pamoja na majirani. Kijana alipokuja likizo aliiuza, akaongeza akiba yake, akarudi Dar es Salaam, na likizo iliyofuata alikuja na ile nyembamba, rangi ya fedha, nzuri kutazama kama samaki. Alimwambia mama yake, "Hii, mama, ni baiskeli ya kweli." Dada akaipokea kwa kuwa imeletwa na mtoto.

Mwezi wa Aprili, usiku wa mvua, dada alishikwa na homa kali. Mtu ataniuliza pikipiki zilikuwa wapi. Zilikuwapo, aliyepigiwa simu alikuja hata ukingoni mwa maji yaliyokuwa yamefunika njia, akatazama, akaomba radhi, akageuka. Maji yalikuwa ya magotini. Kwa Phoenix jambo hilo halina ugumu: mgonjwa huketishwa kwenye keria, mmoja hushika usukani na mwingine humshika mgongo, wakapita polepole. Ndivyo alivyopelekwa marehemu mume wake, na ndivyo nilivyopelekwa mimi utotoni. Usiku ule mpwa wangu alisimama ukumbini na baiskeli ya kweli, hana pa kumweka mama yake. Alitoka kwenda kubisha mlango wa jirani, na jirani alikuwa amelala, na mlango wa pili, hata alipopata ya kuazima. Dada alifika hospitali, akatibiwa, akapona. Sikuandika haya ili kumfanya mtu alie. Nayaandika kwa sababu zile dakika arubaini za kubisha milango hazimo katika hesabu za uzito wa kilo 7.

Nashuku, na wapinzani wangu watanisamehe, kwamba liko neno ambalo halisemwi wazi. Baiskeli nyeusi yenye keria inanuka shamba. Mwenye shahada akionekana juu yake hudhaniwa kuwa hakuendelea. Ile nyembamba, kinyume chake, yamtangaza mwenyewe kuwa hana mzigo, hana mtoto wa kumchukua, hana mama wa kumpeleka popote. Kuonekana bila ya mzigo kumekuwa daraja ya heshima! Mimi sioni heshima hiyo.

Wala msomaji asidhani kwamba naiabudu Phoenix. Breki zake za vyuma virefu, raba zikilowa, hushika ringi kama mtu ashikaye sabuni. Uzito wake ni wa bure kwa sehemu, kwa kuwa chuma kimewekwa ili kuficha ubaya wa chuma. Bomba lake la juu ni adui wa mwanamke aliyevaa kanga na aliyefunga mtoto mgongoni. Wanawake wa Ifakara wamelishinda kwa ustadi wao, lakini kwa nini walishinde wao, badala ya kiwanda kulishusha? Baiskeli za bomba la chini zipo duniani tangu zamani. Wasomi wetu wenye shauku ya kupima meno na milimita wangetufaa mno kama wangepigania chombo chenye friwili, breki mbili za waya, bomba la chini, uzito wa kilo 14 au 15, na keria inayostahimili mtu mzima. Kijana atakayekuja na hoja hiyo atanikuta nimekwisha kumpisha kiti.

Ile ya rangi ya fedha imetundikwa ukutani kwa dada yangu. Mpwa wangu alimpelekea fundi wa Viwanja Sitini akimtaka aitie keria. Fundi aliizungusha, akazitafuta tundu, akauliza kama yaweza kuchomelewa. Kijana akasema bomba ni jembamba mno, litaungua. Fundi akasema basi. Waliachana hivyo. Juzi kijana ameniandikia kwamba bado hajakubali, na kwamba katika makala yangu nimekosea hesabu ya meno, kwa sababu ya kwake ina 46 mbele na 16 nyuma. Nimeihesabu tena: pigo moja kwa kila meta 6.